Maswali ya Wasomaji: Nani Aliyeila "Tusipo"?

Barua nyingi za safari hii zimekuja na kadi za picha: sura ya kiongozi, maneno makali kuhusu tabianchi, na swali lile lile, je, kweli alisema? Tumezijibu zile zinazoweza kupimwa hadi mwisho.

Ndugu Mhariri, kwenye kundi la ukoo wetu baba mdogo ametuma picha ya yule mbunge kijana wa Marekani, Alexandria Ocasio-Cortez, imeandikwa: "Dunia itakwisha baada ya miaka 12." Chini wamepiga hesabu: kuanzia 2019, mwisho ni 2031. Wengine wanacheka, shangazi ameogopa. Alisema? – Msomaji, Morogoro

Alisema, ila sentensi yake haikuishia hapo. Ilikuwa 21 Januari 2019, Siku ya Martin Luther King, katika kanisa la Riverside jijini New York, siku 18 tu tangu aapishwe. Video ya mazungumzo hayo ipo. Alikuwa akieleza jinsi vijana wa rika lake na wanaowafuata wanavyowaona wakubwa. Kwa Kiswahili tungesema: "Dunia itakwisha baada ya miaka 12 tusiposhughulikia mabadiliko ya tabianchi, na ninyi kinachowasumbua ni tutalipiaje?"

Sasa tazama kisu kilipopita. Limeondoka sharti, "tusiposhughulikia". Kwenye Kiingereza sharti hilo ni kishazi kizima chenye maneno sita. Sisi tumelibana ndani ya kitenzi, tu-si-po, na mwenye kutafsiri kwa haraka hulidondosha bila hata kujua. Limeondoka pia swali la gharama, ambalo ndilo alilokuwa akiligombea siku ile. Na kadi inaonyesha kana kwamba anatoa utabiri wake, wakati alikuwa akisema kwa kinywa cha kizazi.

Hiyo 12 ilitoka wapi? Tarehe 8 Oktoba 2018 jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilitoa ripoti maalumu kuhusu ongezeko la nyuzi joto 1.5. Ripoti inasema kwamba ili joto lisivuke hapo, au livuke kidogo tu, hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu ipungue kwa takriban asilimia 45 chini ya kiwango cha 2010 ifikapo 2030, kisha ifike sifuri halisi, yaani inayotolewa isizidi inayoondolewa hewani, karibu na 2050. Kutoka 2018 hadi 2030 ni miaka 12. Magazeti yakaandika "tumebakiwa na miaka 12", wanasiasa wakaichukua kutoka kwenye vichwa vya habari. Ripoti haisemi popote kwamba dunia itakwisha 2030 wala 2031.

Mei 2019 Ocasio-Cortez mwenyewe aliandika Twitter kwamba anayeyachukua maneno yale neno kwa neno ana akili ya kijamii ya sifongo wa baharini. Kwa maoni yetu kejeli hiyo haikumsaidia. Ukiichukua tarakimu ya wanasayansi ukaipigia chuku, usishangae watu wakiisoma kama tarakimu.

Kuhusu baba mdogo: usimwandikie "huo ni uongo". Si uongo mtupu. Atakuletea kipande cha video na utaumbuka mbele ya ukoo. Anza na shikamoo, mwambie maneno yamekatwa katikati, bandika sentensi nzima na kiungo cha video pamoja na dakika yenyewe. Bila dakika hakuna atakayeangalia.

Nina simu tu, na bando la kubana. Nikipata kadi kama hizi nianzie wapi? – Msomaji, Kigoma

Anza na kilicho bure. WhatsApp ikiweka mishale miwili juu ya ujumbe, maana yake umeshapita angalau mikono mitano kabla ya kukufikia. Haimaanishi ni uongo. Inamaanisha aliyekutumia hajui ulikotoka, kwa hiyo usipoteze muda kumhoji.

Kisha kata picha. Ondoa maandishi yote, bakiza uso na mandhari ya nyuma, ndipo uitafute kwa Google Lens. Ukiitafuta na maandishi yake, utaletewa nakala ishirini za kadi ile ile na utadhani umepata mashahidi ishirini. Unachotaka ni tukio: bendera, jukwaa, nembo kwenye maikrofoni. Mara nyingi utakuta picha ni ya mkutano mwingine kabisa. Hilo peke yake halijaangusha nukuu. Wasanii wa kadi huokota picha yoyote ya kiongozi.

Kosa tunaloliona kila wiki ni hili: mtu anairudisha kadi ya Kiswahili katika Kiingereza kwa kichwa chake, anaiweka ndani ya alama za kunukuu, anapata majibu sifuri, anatangaza kwamba nukuu ni ya kubuni. Alama za kunukuu humwamuru mtafutaji alete maneno hayo hayo kwa mpangilio huo huo, na tafsiri yako haiwezi kugonga mpangilio wa msemaji. Tafuta vitu visivyotafsirika: jina, tarakimu, mahali, aliyekuwa naye.

Mfano mzuri ni kadi inayosema waziri wa Ufaransa aliipa dunia siku 500. Ukiandika Fabius, Kerry, 500 na 2014 inatosha. Utafika kwenye nakala ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ya 13 Mei 2014, Washington, Laurent Fabius, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa wakati ule, akiwa amesimama na mwenzake wa Marekani, John Kerry. Alisema kweli kwamba tuna siku 500 za kuepuka machafuko ya tabianchi. Soma sentensi inayofuata, ambayo kadi haina: anasema Rais Obama na Kerry wamejitolea katika jambo hilo, na kwamba pamoja nao na marafiki wengine watafanikiwa. Alikuwa akihesabu kuelekea mkutano wa tabianchi wa Paris. Ukihesabu kwa kalenda, siku 500 ziliisha 25 Septemba 2015, na mkutano ukafunguliwa 30 Novemba, Fabius mwenyewe akiuongoza, ukafungwa 12 Desemba kwa Makubaliano ya Paris. Kwa hiyo nukuu ni ya kweli, hesabu ni ya kukadiria, na siku zile zilikuwa za kujadiliana. Hata hivyo, maneno "machafuko ya tabianchi" aliyachagua mwenyewe. Hakuna aliyemwekea mdomoni.

Jambo moja linalowapotosha wengi hapo: Marekani serikali ikibadilika, kurasa za wizara huhamishiwa kwenye kumbukumbu. Kiungo cha 2014 kinaweza kukupeleka kwenye ukurasa mtupu. Usikimbilie kusema wameficha. Bandika anwani hiyo kwenye web.archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani, uchague tarehe ya karibu na tukio.

Kubana bando: soma nakala ya maandishi kwanza, video iwe ya mwisho, tena kwa ubora wa 144. YouTube kwenye maelezo ya video nyingi kuna maandishi ya yaliyosemwa, yenye dakika pembeni. Yanakosea majina na tarakimu, kwa hiyo yatumie kupata dakika, kisha usikilize nusu dakika kabla na nusu dakika baada. Kwenye utafutaji wa Google unaweza pia kuandika before:2015-01-01 pamoja na maneno yako, ukapata yaliyochapishwa kabla ya siku hiyo. Kadi iliyotengenezwa mwaka jana haitakuwamo.

Hapa Mombasa tunabishana. Ni kweli Waziri Mkuu wa Barbados aliitaja Kenya kule Glasgow, akasema tutakufa? – Msomaji, Likoni

Kuitaja, ndiyo. Mia Mottley, kwenye ufunguzi wa kikao cha viongozi cha COP26, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, 1 Novemba 2021. Alisema nyuzi 1.5 ndizo tunazohitaji ili kunusurika, na kwamba nyuzi mbili ni hukumu ya kifo kwa watu wa Antigua na Barbuda, wa Maldives, wa Dominica na Fiji, wa Kenya na Msumbiji, kisha akamalizia na Samoa na Barbados yake.

"Tutakufa" ni ya mfasiri. Hukumu ya kifo inaweza kufutwa kabla ya kutekelezwa, na hotuba nzima ilikuwa ya kuomba ifutwe. Angalieni pia magazeti yanavyoandika "mabadiliko ya hali ya hewa" pale msemaji alipokusudia tabianchi. Hali ya hewa ni mvua ya leo Likoni. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Msemaji akisema tabianchi imebadilika na wewe ukaandika hali ya hewa, umemfanya aonekane anashangaa manyunyu.

Ukitafuta hotuba za mikutano hii utapata faili zilizoandikwa juu kabisa onyo la kuilinganisha na hotuba ilivyotolewa jukwaani. Onyo hilo lina kazi. Faili ni ile iliyoandaliwa ofisini. Jukwaani kiongozi huruka aya, huongeza. Panapotofautiana, kilichosemwa ndicho nukuu.

Rafiki yangu anasema Trump hakuwahi kusema kwamba joto la dunia ni njama ya Wachina, kwa sababu alikana kwenye mdahalo. Mimi nina picha ya skrini. Nani mkweli? – Msomaji, Goma

Wewe, ila si kwa sababu ya picha yako. Picha ya skrini ni ushahidi dhaifu kuliko yote: kubadilisha maneno ya ukurasa kwenye kompyuta kabla ya kuupiga picha ni kazi ya dakika moja.

Ujumbe wenyewe uliwekwa Twitter 6 Novemba 2012, na upo kwenye kumbukumbu za jumbe zake. Unasema dhana ya joto la dunia ilibuniwa na Wachina kwa ajili ya Wachina, ili viwanda vya Marekani vishindwe kushindana. Tarehe 26 Septemba 2016 Hillary Clinton alipougusa kwenye mdahalo wa urais, Trump alimkatiza akasema hakusema hivyo. Januari mwaka huo huo alikuwa amejitetea kwenye televisheni kwamba ulikuwa mzaha. Ukiandika habari hii weka yote matatu na tarehe zake, msomaji aamue.

Kipimo kidogo cha picha za Twitter za zamani: hadi Novemba 2017 ujumbe haukuruhusiwa kuzidi herufi 140, nafasi zikihesabiwa. Ujumbe huu haufiki 120. Ukiletewa picha inayodai ni ya 2012 na ina aya mbili zilizoshiba, huna haja ya kuendelea.

UNEP si ipo hapa kwetu Gigiri? Mbona walisema mataifa yatazama ifikapo mwaka 2000 na hakuna lililozama? – Msomaji, Nairobi

Hii ni ya Juni 1989, na habari yake ya shirika la habari la AP bado inasomeka. Anayenukuliwa ni Noel Brown, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya New York ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, siyo ya Gigiri, na ni ofisa, si mwanasiasa. AP iliandika kwamba, kwa mujibu wake, mataifa mazima yanaweza kufutika juu ya uso wa dunia kwa kupanda kwa bahari endapo mwelekeo wa kuongezeka joto hautageuzwa ifikapo mwaka 2000.

Tia kidole kwenye "ifikapo mwaka 2000" uulize inashika kitenzi kipi. Inashika "hautageuzwa". Mwaka 2000 ulikuwa ukomo wa kugeuza mwelekeo. Kuzama hakukupewa mwaka. Aliyekata sentensi alichukua mkia wake akaushona kwenye kichwa: "Mataifa yatafutika ifikapo 2000." Njiani "yanaweza kufutika" ikageuka "yatafutika". Na kuna la tatu: sentensi hiyo haikuwa ndani ya alama za kunukuu hata kwenye AP. Ni muhtasari wa mwandishi. Kadi zinazoiweka ndani ya alama zinamlisha Brown maneno ya mtu mwingine.

Ninyi kila kadi mnaitetea. Hakuna mwanasiasa aliyekosea mwenyewe? – Msomaji, Muscat

Yupo, Al Gore, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Tarehe 14 Desemba 2009, Copenhagen, alisema baadhi ya miundo ya kompyuta ilimwonyesha mtafiti Wieslaw Maslowski kuwa kuna uwezekano wa asilimia 75 kwamba bahari ya Ncha ya Kaskazini ingekosa barafu kabisa, katika baadhi ya miezi ya kiangazi, ndani ya miaka mitano hadi saba. Maslowski alipoulizwa na gazeti la The Times alisema hajui tarakimu hiyo ilipatikanaje, na kwamba yeye asingekadiria uwezekano kwa usahihi wa namna hiyo. Ofisi ya Gore ikajibu kuwa ilitoka kwenye mazungumzo yao ya miaka kadhaa nyuma.

Hapa tahadhari zote zipo, "baadhi ya miundo", "baadhi ya miezi", na bado msemaji ana kosa: alibeba tarakimu ya maongezi akaipandisha jukwaani. Miaka saba ilipita 2016. Kiwango cha chini kabisa cha barafu hiyo kilichopimwa kwa setilaiti ni cha Septemba 2012, takriban kilomita za mraba milioni 3.4. Ni kidogo mno kwa historia ya vipimo hivyo, lakini si sifuri. Kwa hiyo nukuu inapotaja mtaalamu, kazi yako haijaisha hadi umsikie mtaalamu mwenyewe.

Mbunge wetu ananukuliwa kwamba ukame hauhusiani na tabianchi. Yeye anasema alieleweka vibaya. Tutajuaje? – Msomaji, Dodoma

Kama alisema bungeni, mna bahati kuliko wote walioandika hapo juu, maana Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, ya Tanzania ni ya Kiswahili na hakuna mfasiri wa kulaumu. Tovuti ya Bunge ina faili la kila kikao. Mnahitaji tarehe. Kama hamna, anzieni Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, siku za makadirio ya Ofisi ya Makamu wa Rais, ambako mazingira yamekaa kwa miaka mingi.

Ndani ya faili tafuteni "tabianchi", kisha "tabia nchi" maneno mawili, kisha "tabia ya nchi" na "hali ya hewa". Wanaoandika hawakubaliani, na anayetafuta tahajia moja tu hukosa nusu ya kikao. Kama faili ni karatasi zilizopigwa picha, utafutaji hautaona kitu. Mtasoma kwa macho.

Mkimpata, someni kuanzia jina lake hadi msemaji anayefuata, halafu muendelee kurasa mbili. Mambo matatu hutokea huko. Mwenzake husimama kumpa taarifa, Kiti, yaani anayeongoza kikao, kikamuuliza kama anaipokea; akiipokea, maneno ya mwenzake huja kusambazwa kama yake. Au huagizwa afute kauli, naye akaifuta. Au mwandishi wa Hansard ameweka (Kicheko) mwishoni mwa sentensi, na hatujawahi kuona kadi iliyonakili (Kicheko).

Kenya nao wana Hansard mtandaoni, yenye tanbihi kwamba nakala ya kielektroniki ni ya taarifa tu na iliyothibitishwa hutolewa na mhariri wa Hansard. Kwa ubishi wa kijiweni ya mtandaoni inatosha. Kwa mahakama haitoshi.

Kama alisema kwenye mkutano wa hadhara, rudini kwenye video, na mtafute iliyorekodiwa na zaidi ya chombo kimoja.

Na sauti peke yake, bila picha? Siku hizi kompyuta zinaiga. – Msomaji, Bujumbura

Usitegemee sikio. Sauti ya kuigiza iliyopitishwa WhatsApp imeshabanwa kiasi kwamba kasoro zake hazisikiki. Uliza siku na mahali, kisha tazama kama kiongozi alikuwa hapo siku hiyo na kama redio au televisheni yoyote ina tukio hilo. Rekodi isiyokuwa na siku wala mahali iandike "haijathibitika" uiache hapo.

Nasimamia klabu ya mazingira shuleni. Wanafunzi wanataka kubandika nukuu za viongozi ukutani. Waziandikeje? – Mwalimu, Tanga

Mwalimu, wape karatasi ya A5 kwa kila nukuu na vitu saba: nani na cheo chake siku ile, wapi, lini, lugha aliyotumia, sentensi nzima kwa lugha hiyo, tafsiri na jina la aliyetafsiri, kiungo na siku kilipofunguliwa. Hicho cha mwisho huachwa sana, na ndicho kinachosaidia ukurasa ukihama.

Tafsiri ifanywe na wanafunzi wawili kila mmoja kivyake, kisha walinganishe vitenzi tu. Mmoja akiwa na "ita-" na mwingine "inaweza" au "huenda", warudi kwenye asili kabla ya kuandika safi. Wakikata maneno waweke nukta tatu palipokatwa, na kishazi chenye endapo, kama, -po au -nge kisiguswe. Karatasi ikijaa, wapunguze ukubwa wa herufi, au wahamie A4.